Kidole Gumba cha Fundi Pindo

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mguu wake mmoja umewekewa tofali, na mimi mshona viatu ndiye mwenyeji wake kwa kuwa kiboksi changu cha rangi kiko ubavuni pake. Asubuhi ile Mungu alitupa neema tusiyoistahili: Fundi Pindo, yule wa cherehani, alirudi kijiweni. Sindano ya cherehani ilimpitia kidole gumba cha kulia, kikavimba kama bilinganya, homa ikampanda mpaka akawa anasalimia watu tuliokwisha kuwazika. Zahanati wakakipasua, wakatoa usaha, wakampa kapsuli za amoksilini. Fundi wa nguo asiye na gumba atashika nini, na watoto watakula nini? Lakini huyo hapo, anacheka, kikombe kakishika kwa kushoto. Mkono wa kulia uko mfukoni. Niliuona mfukoni nikanyamaza, Mungu anisamehe.

— Karibu tena duniani, alisema Wembe, kinyozi, akimmiminia kahawa. Tulishaanza kugombea cherehani yako.

— Jamani, hii dawa! alisema Pindo. Nimemeza jioni, kesho yake homa chini, naulizia chakula. Mungu fundi!

— Chanda chema huvikwa pete, alisema Betri, mtengeneza redio. Chako kimevikwa bendeji, ni yaleyale.

Pindo akatoa bahasha ya dawa kwenye mfuko wa shati, kwa kushoto vilevile.

— Zimebaki. Mimi nimepona, nanyi mliniombea, mkambebea mke wangu maji. Siwezi kula neema peke yangu. Haya, kila mtu na yake.

Akatugawia, nusu nyekundu nusu njano, kama anayegawa peremende.

— Hukuambiwa umalize? niliuliza, kwa sauti ya kuogopa kujibiwa.

— Nimalize nini, na ugonjwa umeshahama? Mtu akihama, utaendelea kumbishia hodi?

— Mwenye kovu usidhani kapoa, Wembe akadakia. Yaani ukishaona kovu, mwache mtu apumzike.

— Siyo maana yake hiyo.

— Wewe shona viatu.

Nikashona. Betri akainua kapsuli yake juani.

— Mnajua kwa nini ina rangi mbili? Nyekundu ni chanya, njano ni hasi. Zikikutana tumboni, vijidudu vinapigwa shoti.

— Ndiyo maana unga wake unaponya, alisema Wembe. Mteja nikimkwaruza, nafungua moja, namnyunyizia. Anatoka mzima.

— Anatoka kama kaanguka kwenye gunia la unga!

— Cheka tu. Na ukimeza ukiwa mzima ndiyo bora zaidi. Inakaa ndani kama mlinzi wa zamu. Ugonjwa ukija, geti limefungwa.

— Huyo mlinzi analala wapi?

— Kwenye bandama. Bandama ni kambi, hujui?

— Kweli kabisa, alisema Betri. Mimi nikiwa nimemeza, mbu akiniuma, yeye ndiye anayelazwa.

Tulicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali. Nami katikati ya kicheko, kwa kuwa kapsuli ilikuwa ya bure, nikamtaja Mungu nikaimeza yangu na kahawa.

Hapo ndipo mke wa Pindo akatokea kwenye kona, utepe wa kupimia ungali shingoni. Muda wote mumewe alipolala, cherehani alikuwa anaikalia yeye.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji. Karibu kahawa.

Akatazama viganja vyetu, kimoja kimoja. Hakupaza sauti.

— Na ninyi mnaumwa nini?

Betri akachungulia kikombe chake kama kuna jibu humo. Wembe akakohoa.

— Mimi nilikuwa na mafua, shemeji.

— Lini?

— Zamani kidogo.

Akamgeukia mumewe.

— Baba watoto, toa mkono.

Mkono ukatoka mfukoni taratibu. Bendeji ilikuwa safi, lakini chini yake, kuelekea kifundo cha mkono, wekundu ulikuwa umerudi, ngozi inang'aa.

— Ulianza lini?

— Jana. Niliona haya kukwambia, mama. Umekesha vya kutosha.

Betri akairudisha kapsuli yake kwenye bahasha. Wembe yake. Mimi nikabaki nimekunja ngumi.

— Shemeji, yako?

— Nimeshaimeza.

— Unaumwa nini?

— Uroho, shemeji.

Akacheka, huku machozi yakimlenga.

— Basi wewe ndiye utakayempeleka zahanati, ukaeleze mwenyewe iliyopungua iko wapi.

Nikaeleza, kichwa chini. Muuguzi alikikagua kidole, akasema tumewahi. Tungechelewa, asingetuahidi kitu. Akafidia ile niliyoila, akatuambia sote wawili, kama watoto: dawa hii ina nguvu kweli, lakini ni ya mwenye kidonda, naye aimalize hata akijiona mzima.

Tuliporudi, birika lilikuwa tupu. Wembe alilimaliza, eti anatuliza wasiwasi. Pindo akameza kwa maji, mkewe kasimama mbele yake mpaka ikashuka kooni.

Suruali niliyovaa nikiandika haya, pindo lake alilikunja yeye, kwa gumba lilelile. Mshono umenyooka. Nikiinama kufunga kamba za viatu huwa nauona, namshukuru Mungu kwa ile dawa. Na kwa shemeji, aliyetuuliza swali.