Papa Anatole na Ile Asilimia Thelathini na Nane

Baada ya miaka thelathini na miezi tisa ya kazi, Papa Anatole Wilondja, mwanabiokemia wa Kituo chetu cha Utafiti wa Chakula cha Ziwa hapa Baraka, anastaafu tarehe 30 Juni 2003. Alianza tarehe 1 Oktoba 1972, ambayo ilikuwa Jumapili. Barua ilisema tarehe moja, naye akaja tarehe moja, akakuta mlango umefungwa, akaandika saa ya kufika kwenye karatasi yake mwenyewe, akarudi kesho yake. Anatoka siku ya sikukuu ya uhuru, ofisi ikiwa imefungwa vilevile. Tunamjua, atakuja.

Papa Willy wa kamati ya sherehe ameniomba niandike mambo ya kufurahisha tu, ukurasa mmoja, na nisiguse ile barua ya lawama iliyo katika faili la Papa Anatole tangu 1999. Nimemsikia. Naanza na ya kufurahisha.

Kwa wasioijua kazi yake: mtoto asiyepata protini anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, anaacha kucheza, hata kulia anaacha. Huo ndio bwaki. Papa Anatole ametumia maisha yake kutafuta ni protini kiasi gani imo katika dagaa wetu wa ziwani tunaowaita ndakala, katika sombe ya majani ya muhogo, katika maharagwe ya Bibokoboko, na inafikaje katika damu ya mtoto. Unachukua unga kidogo, unauchemsha ndani ya asidi kali mpaka ubaki maji maangavu, unaikamata hewa inayotoka, unahesabu matone, na mwishowe unapata azoti, ile ambayo wengine wanaiita nitrojeni. Protini zote zina azoti. Ukishaijua azoti, protini unaipata kwa hesabu. Ubaya wa njia hii ni mmoja tu: asidi haiulizi azoti imetoka wapi. Naomba msomaji alishike hilo.

Alikuwa pia fundi wa kutenganisha protini za damu kwa umeme. Tone linawekwa kwenye utepe wa karatasi, umeme unapita, na kila protini inatembea kwa mwendo wake. Kazi hiyo inataka saa sita umeme usikatike, na Baraka hatuna umeme wa saa sita. Basi aliazima betri ya lori la mume wangu, Nuhu, linalopakia watu wa Lulimba, akaiunganisha na mtambo alioutengeneza mwenyewe. Abiria walingoja barabarani, wamekaa juu ya mizigo yao. Kila nusu saa bamama waliita dirishani: “Papa, protini zimefika wapi?” Naye kila mara alitoka kuwajibu, kwa milimita.

Miaka miwili iliyopita jarida moja lilimfikia, limechelewa miezi minane, likieleza kwamba wenzake wa ng'ambo sasa wanasoma protini za mwili kwa maelfu, zote pamoja, kwa mashine moja. Alilisoma mara mbili. Kisha akasema: “Bo balipata zote. Mi nilipata tano tu, lakini hizo tano niko nazijua na majina.” Akarudi kwenye betri ya Nuhu.

Vita vya 1996 vilipofika, kila mtu alikimbia na alichokipenda. Wengine walibeba godoro, wengine kuku. Papa Anatole alibeba mgongoni mizani ya labo, maabara yetu, ile inayopima hata unywele, na mkewe Mama Immaculée akabeba vingine vyote, pamoja na kinyongo. Kwenye kizuizi kimoja askari walifungua furushi, wakaona mizani, wakajua wamempata mfanyabiashara wa dhahabu. Aliapa kwamba yeye anapima unga. Mkubwa wao akatoa dhahabu yake mwenyewe mfukoni ili kumjaribu. Mama Immaculée alimkonyeza mumewe, akamkanyaga mguu, akamnong'oneza kwa Kibembe aongeze kidogo, jamani, aongeze tu ili tupite. Papa Anatole alipima mara tatu, akamwambia yule mkubwa kwamba dhahabu yake ni nusu ya anavyofikiri. Walimweka pale siku mbili awapimie na askari wengine. Hakuna aliyemshukuru. Mama Immaculée hajamsamehe hadi leo, naye atakuwapo kwenye sherehe, muulizeni.

Hayo ndiyo ya kufurahisha. Papa Willy anaweza kuishia hapo kusoma.

Mwaka 1999 watu walikuwa wakirudi kutoka porini kidogo kidogo, na watoto wao walirudi na bwaki. Binti yangu Bahati alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka miwili na kilo saba na gramu mia mbili, na miguu ilikuwa inang'aa. Nilimpeleka kwenye kituo cha lishe, nami nikarudi labo kuosha vyombo, maana kazi ilikuwa hiyo.

Bamama wa Lweba, wakiongozwa na Mama Constance, mdogo wa mama yake Papa Anatole, walikuwa wameanza kusaga unga wa ndakala, mahindi na maharagwe. Papa Anatole akaupima. Ukatoa protini asilimia thelathini na nane. Ee Mungu wangu, furaha iliyokuwapo! Bamama waliutungia wimbo, wakauimba mwezi mzima, na namba yenyewe ilikuwa kwenye kiitikio. Wageni wa shirika moja wakasema watakuja kutia saini na kuununua kwa vituo vyote vya kando ya ziwa. Kwa kuwa unga ulikuwa na nguvu kiasi hicho, iliamuliwa kila mtoto apewe vijiko vinne kwa siku, basi.

Kila Jumatatu Papa Anatole alikwenda kituo cha lishe kutazama watoto wakipimwa uzito. Hakuna aliyemtuma. Wiki ya kwanza Bahati alikuwa kilo saba na gramu mia mbili. Wiki ya nne alikuwa kilo saba na gramu mia moja. Wenzake pia hawakusogea. Wauguzi walisema ni minyoo, au bamama wanaiba unga. Mimi nilisema ni Mungu. Papa Anatole aliisoma ile karatasi ya uzito mstari kwa mstari, akasema: “Mutoto habongopi. Kipimo njo kinabongopa.”

Alichota unga kutoka sufuria la kituo chenyewe, akaupima upya. Asilimia ishirini na moja. Akarudia. Ishirini na moja. Watoto walikuwa wakipata karibu nusu ya walichohitaji, kwa hesabu yetu sisi.

Kisha akauchukua ule mfuko mdogo ambao sampuli ya kwanza ililetwa ndani yake. Chupa zetu zilikuwa zimeporwa, kwa hiyo sampuli tulizitia katika mifuko ya plastiki iliyoshonwa kwa mkono. Aliugeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye pindo, akakilamba. Mfuko ulikuwa umekatwa kutoka gunia la mbolea, ile nyeupe ya chumvichumvi, na mabaki yake yalikuwa yamegandamana kwenye pembe. Mbolea ile ni azoti tupu. Asidi haikuuliza.

Katika labo yetu kuna sheria moja iliyoandikwa ukutani: kila chombo kioshwe mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake ukakusanywa. Siku ile makaa yalikuwa yamekwisha na maji hayo hayakuwapo. Mfuko ulipanguswa kwa kitambaa.

Papa Anatole ni mtu asiyetupa hata kizibo. Ana bahasha ya vizibo. Siku hiyo aliutia ule mfuko ndani ya jiko mbele yangu, akangoja mpaka ukaisha, halafu akaniomba nimletee koti lake.

Wageni walikuwa wameshafika. Ukumbi wa parokia ulijaa, bamama wa Lweba wamevaa vitenge vya sare. Alisimama akasema kwamba ile namba si ya kweli, unga una ishirini na moja, na ni unga mzuri, lakini watoto lazima wapewe vijiko nane kuanzia mchana huo. Mtu mmoja akauliza kosa ni la nani. Akajibu: “Labo ni mimi. Kosa ni yangu.” Akakaa.

Wageni waliondoka bila kutia saini. Uongozi wa wakati huo ulimwandikia barua ya lawama, na ule ukurugenzi aliokuwa anautarajia mwaka uliofuata akapewa mwingine. Mama Constance aliagiza kwamba hakuna mwanamke wa Lweba atakayemuuzia samaki mtoto wake huyo, na kwa miezi miwili mtaalamu wa protini za samaki alikula sombe. Alisema sombe nayo si haba, akatutajia na namba yake. Hata leo kuna vijana wa ofisini wanaomtania, chai ikiwa nyepesi wanasema ina asilimia thelathini na nane. Anacheka nao.

Mimi sijawahi kucheka. Mfuko ule niliushona mimi. Kitambaa nilikishika mimi. Nilijua ni gunia la mbolea, nililipenda kwa ugumu wake, na nilikuwa na haraka ya kwenda kumwona mtoto wangu, yule yule niliyekuwa nampunguzia chakula kwa mkono huo huo. Papa Anatole alijua tangu alipokilamba kile kidole. Miaka minne tumekaa meza moja, hajaniuliza, wala hajanitupia jicho baya hata siku moja. Nami nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa na kazi na niliogopa kuipoteza. Naona aibu, na naiandika hapa ili isomwe na wote.

Kwa hiyo naomba uongozi uitoe ile barua katika faili lake kabla ya tarehe 30, uweke ukurasa huu pahali pake, na ufungue faili langu.

Aksanti, Papa Anatole. Aksanti kwa utepe, kwa betri, kwa mizani, kwa vijiko vinne vya nyongeza. Nenda Lweba ukapumzike, Mama Constance amesema ndakala zipo na hazitapimwa. Mungu akupe miaka mingi, wewe na Mama Immaculée, na mguu wake usikukanyage tena.

Bahati yuko mwaka wa kwanza shuleni. Ana kilo kumi na nane na gramu mia nne. Nimempima leo asubuhi, mara tatu.

Jamila Useni, mfanyakazi wa labo