Mama Kobelo na Majina Yaliyokatwa

Tarehe 30 Juni 2005, Bi Yustina Kobelo anastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Kilimani, hapa Bigwa, kwa miaka thelathini kamili. Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara moja tu, siku mvua ilipobomoa daraja, na hata siku hiyo alikuja na barua ya mtendaji. Ndiyo, barua!

Alianza kama mpiga chapa. Biashara ilipofunguliwa na kompyuta zilizotumika zikaanza kumiminika nchini, hospitali ilinunua tatu, pamoja na printa ya lebo za maabara. Wengi wetu tulizikwepa. Mama Kobelo, miaka hamsini na ushee, akajiandikisha masomo ya jioni ya kuandika programu, akakaa na vijana waliomwamkia shikamoo kisha wakanakili majibu yake.

Mwaka 1998 kompyuta ya maabara ikawa inazimika ovyo. Fundi mmoja akasema umeme, wa pili akasema vumbi, na mimi, karani wa mapokezi, nikasema mtu ametuchezea. Mama Kobelo akafungua programu endeshi, ile inayoiwezesha kompyuta kuiamrisha printa, akaisoma mstari kwa mstari. Humo akakuta amri inayonakili jina bila kuuliza nafasi iliyopo. Nafasi ilikuwa ya herufi ishirini na tatu tu. Jina likizidi, linamwagikia pasipo pake, kama kumimina debe la maji kwenye chupa ya soda.

Na waliorefusha majina ni sisi mapokezi! Kwa kuwa watu wengi hapa wanafanana majina, tulizoea kuongeza kijiji mwishoni.

Amri ile ilijirudia mara sitini na moja. Aliziondoa zote, akaweka nyingine inayopima kwanza. Kompyuta ikatulia, tukampikia pilau.

Pilau haijasahaulika, zikafika maabara chupa mbili za damu zenye lebo moja: Cecilia Fransisko Mkude. Mmoja alitoka Mkuyuni, mwingine Matombo, na wote walisubiri kuongezewa damu. Amri mpya ilipima vizuri, ikakata kilichozidi, ikanyamaza. Kilichozidi ndicho kijiji.

Cecilia wa Mkuyuni ni mama yangu mzazi.

Aliyegundua ni Mama Kobelo mwenyewe. Tangu abadilishe programu alikuwa akipita maabara kila asubuhi kulinganisha lebo na daftari, nasi tukimcheka kwamba haiamini kazi yake. Siku hiyo alisimamisha kila kitu, wagonjwa wote wawili wakachukuliwa damu upya. Makundi yao yalikuwa tofauti kabisa.

Angeweza kututupia lawama sisi wa mapokezi. Badala yake alituita wote, akasema kosa ni lake, kwani alizuia jina lisimwagike lakini hakujali linapokatwa. Kisha akarudi kwenye programu. Tangu hapo jina refu huenda mstari wa pili, na lisipotosha bado, printa hugoma na kumwita karani. Miaka saba sasa, hakuna jina lililokatwa. Neno lake, "Umeshapima?", limekuwa salamu yetu, hata jikoni kwenye chumvi.

Mama Kobelo, umetufundisha kazi na umetufundisha kukiri, na hilo la pili ndilo gumu zaidi. Asante sana. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na bustani isiyo na panya huko kwenu Bigwa juu.

Mama yangu amekuja leo, amekaa safu ya mbele na mkungu wako wa ndizi. Ameomba nimwandike kwenye programu ya sherehe hii bila kupunguza kitu, nami nimetii: Cecilia Fransisko Mkude wa Mkuyuni. Yu hai, na anakushukuru.

Eustace, Mapokezi