Duara Lisilo na Mdudu

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Leo msitegemee sauti ya kubembeleza. Kwa kawaida hapa tunawakumbuka waliotutoka, tunasema mema yao, tunafuta machozi, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Leo nimekuja na hasira kifuani, na sikuona sababu ya kuiacha mlangoni.

Tunamkumbuka profesa wa baiolojia. Mwalimu wa chuo kikuu, mtafiti wa homa. Wanafunzi walimpa jina la Mama Sifuri, na punde mtajua kwa nini. Mama Sifuri amefia hospitalini akitibiwa malaria. Hakuwa na malaria. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: alitibiwa malaria, na hakuwa na malaria. Binti yake wa mwisho anadai kitu kimoja tu. Anataka hospitali ile ikiri kwamba damu ya mama yake haikuangaliwa.

Binti huyo mama yake alimwita Kitinda, kwa kuwa ni kitindamimba. Alimwita hivyo hata ukubwani, hata mbele ya wageni, na binti akawa anakunja uso. Leo Kitinda ameketi ng'ambo ya meza hii, mikono juu ya bahasha. Mengi ninayowasimulia nimeyapata kwake.

Tuanze mbali kidogo. Mjomba wake Kitinda, mdogo wa marehemu, anasema dada yake alikuwa msumbufu tangu utotoni. Ukimwambia chai imechemka, anafunua sufuria. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani. "Mama alikuwa anasema huyu akiolewa, mume atakoma," mjomba anasimulia. "Na shemeji, Mungu amrehemu, alikoma kweli." Mjomba alicheka aliponiambia hayo. Kisha akaomba maji.

Msumbufu huyo alisoma mpaka akawa profesa. Aliwafundisha wanaotaka kuwa madaktari, wauguzi na watu wa maabara. Darasa lake lilikuwa ghorofa ya pili, madirisha yakitazama mashariki. Umeme ulikuwa wa kuja na kukatika, kwa hiyo alizipenda hadubini za zamani zenye kioo cha kunasa mwanga wa jua. Alipita kati ya meza na viatu vya mpira, husikii kitu, unashtukia tu yuko nyuma ya sikio lako. Wanafunzi walitaniana kwamba ukikutana naye koridoni usimwambie "nzuri" kama si nzuri, atakuomba ushahidi.

Utafiti wake ulikuwa wa homa. Wakati huo, mtu akichemka mwili, basi ana malaria, mjadala umefungwa. Yeye akazunguka kwenye zahanati ndogo ndogo, akakusanya damu, akaiangalia mwenyewe mpaka lenzi ikamwachia alama chini ya jicho. Akakuta kwamba wengi walioambiwa wana malaria hawakuwa nayo. Mmoja mapafu, mwingine figo, mwingine bakteria ndani ya damu. Walikuwa wanameza dawa ya ugonjwa mwingine huku ugonjwa wao ukijenga nyumba. Shikeni hilo, wasikilizaji. Mwanamke huyu alitumia maisha yake yote kusema hivi: angalia kwanza.

Sasa, sifuri. Katika kila mtihani wa vitendo aliweka hadubini mezani, na chini ya kila moja kile kijikioo chembamba cha kupakia damu. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa safi, kina tone la maji tu. Swali lilikuwa moja kwa vyote: chora unachokiona. Jibu la kile kilicho safi lilikuwa duara la lenzi, basi. Duara lisilo na kitu. Wanafunzi wakaona haiwezekani, mtihani gani unauliza kitu kisichokuwepo? Wakachora wadudu wa malaria wazuri ajabu, wenye pete na madoa, kama walivyo kitabuni. Kila aliyechora hivyo alipewa sifuri.

Kitinda alikuwa katika darasa hilo. Naye alichora. Alitumia hadi penseli ya zambarau. Mama yake mzazi akampa sifuri.

Siku hiyo walikaa mezani nyumbani. Baba aliuliza kuna nini. Mama akampakulia binti chakula, akamsogezea sahani, ndipo akasema: "Iko siku utaandika kwamba mtu ana ugonjwa ambao hukuuona. Atakufa, na wewe utakaa mezani ule."

Kitinda aliisukuma sahani. Akaiacha baiolojia, akaenda kusomea uhasibu. Kwa miaka mingi mama na mwana waliongea habari za afya na hali ya hewa, kama watu waliokutana kwenye foleni. Hakuacha kumpenda mama yake, anasema. Alikuwa amemkasirikia tu, na hasira ile aliitunza vizuri.

Sifuri ziliwachosha wengi. Wazazi walilalamika, kamati ya chuo ikakaa. Ikaamuliwa kwamba hadubini zifungiwe stoo na wanafunzi wafundishwe kwa picha kwenye kompyuta. Mama Sifuri alisimama kwenye kikao hicho akawaambia maneno ambayo mjomba anayajua kwa moyo, kwa jinsi alivyoyarudia nyumbani: "Kwenye picha mdudu yupo kila siku. Kwenye damu ya mtu, kuna siku hayupo. Nani atawafundisha siku hiyo?" Wakamjibu kwamba mambo yamebadilika. Alipostaafu walimruhusu aondoke na hadubini moja, kwa sababu ilikuwa imeshapangwa kutupwa.

Halafu akaugua. Homa, kiuno kinauma, kukojoa ni shida. Kitinda akampeleka hospitali. Kule kitandani mama alimweleza daktari kijana taratibu kabisa kwamba homa hii inatoka kwenye figo, tafadhali pimeni mkojo. Daktari alikuwa na karatasi mkononi. Imeandikwa: wadudu wa malaria wameonekana, wengi. Chini yake saini.

"Aliyeona ni nani?" mama akauliza. "Niletee hicho kioo cha damu nikiangalie."

Daktari akatabasamu. Akamwambia apumzike, hapa yeye ni mgonjwa. Kitinda akamfuata koridoni, akamsihi, akamwambia huyu mama homa ndiyo kazi yake. Akajibiwa kwamba majibu ni majibu. Dripu ya malaria ikaendelea kudondoka. Alipofika daktari mwingine wa zamu akaagiza vipimo vya maana, bakteria walikuwa wameshaingia kwenye damu. Majibu hayo yalitoka familia ikiwa inarudi kutoka makaburini. Ni bakteria waliotoka kwenye figo. Dawa yao ni ya kawaida, na ilikuwepo kwenye kabati la wodi ileile.

Msibani watu walijaa. Mmoja wao alikuwa mfanyakazi wa maabara ya hospitali ile. Alilia kwa sauti, akamwambia mjomba kwamba marehemu alikuwa mwalimu wake. Mjomba akampisha kiti, akamletea chai. Chuo nacho kilituma ujumbe wa watu waliovaa suti, wakatangaza kwamba kwa heshima ya marehemu wataupa jina lake ule ukumbi wa kompyuta. Ndiyo, wasikilizaji. Chumba kilichofukuza hadubini zake ndicho kitakachobeba jina lake.

Msiba ulipotulia Kitinda alikwenda maabara ya hospitali, akaomba kioo cha mama yake. Binti wa mapokezi alipekua kwenye kisanduku, akampa bila maswali, nani atake kipande cha kioo? Kitinda akakiinua dirishani.

Hakikuwa na rangi.

Niwafafanulie kama alivyonifafanulia yeye. Damu ikishapakwa kwenye kioo hutiwa rangi, ikawa ya zambarau, ndipo mdudu aonekane. Bila rangi hakuna anayeweza kumwona mdudu wa malaria kwa hadubini ya kawaida. Mama Sifuri mwenyewe asingeweza. Kioo hiki hakikuwahi kuguswa na rangi. Kilipakwa damu, kikaandikwa namba, kikatiwa kisandukuni. Kisha mtu akashika kalamu akaandika "wengi". Akasaini. Na saini hiyo, Kitinda aliambiwa palepale mapokezi, ni ya yule aliyelia msibani. Yeye ni wa lile kundi la kwanza chuoni lililofundishwa kwa picha.

Kitinda angeweza kuishia hapo, maana alishajua. Lakini alirudi nyumbani, akaiweka hadubini ya mama yake dirishani, akakiweka kile kioo cha damu, akageuza kioo cha chini cha kunasa mwanga mpaka kikalipata jua. Akainamisha jicho. Mjomba alisimama nyuma yake akiuliza, "Unaona nini, mama?" Kitinda alichukua karatasi, akafunika kikombe juu yake, akazungusha penseli. Likawa duara. Ndani yake akapaka kivuli chepesi sana.

Nilimuuliza kivuli cha nini, si alisema hakuna kitu? Akanijibu: "Kulikuwa na ukungu wa manjano, ile damu iliyokauka. Ningeliacha tupu, Mama angenipa sifuri tena." Alicheka kidogo, kisha akalia mpaka tukazima vipaza sauti.

Mchoro huo aliupeleka hospitali pamoja na picha ya kioo. Jibu limekuja, ninalo hapa. Linasema vipimo vilifanywa na mtaalamu mwenye sifa, na kwamba hakuna ushahidi wa uzembe. Mwenye sifa! Sifa alizipata wapi, na nani alimwondolea mtihani ambao ungemzuia? Kamati ile ingali ipo. Inakaa viti vilevile, inakunywa chai, inachagua kibao cha kuandika jina la Mama Sifuri. Nakasirika, wasikilizaji, na naomba nanyi mkasirike pamoja nami.

Kwa mjomba, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu awape nguvu, na msimwachie mtu yeyote aiue hii kesi. Nawe unayenisikiliza ukiwa kazini, ambaye leo jina lako litakaa chini ya karatasi inayomhusu mtu mwingine: jiulize kama uliangalia. Kama hukuangalia, rudi. Kalamu iache.

Neno la mwisho ni la Kitinda. Nimemsogezea kipaza sauti. Ametoa mchoro kwenye bahasha, ameulaza mezani.

"Mama, nimeangalia. Nilichokiona hiki hapa. Sasa aliyesaini aje hapa mbele ya watu, achore alichokiona yeye."