Mtaa Wetu Uwe wa Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake marehemu, poleni kwa safari na poleni kwa kusimama. Mimi ni binti yake wa kwanza. Nimeombwa nisome haya kwa sababu kaka yangu sauti imemkauka, na yangu nayo haiko mbali.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Ngazi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme mwaka 1977. Mwalimu wake aliandika kwamba ni msikivu ila mbishi. Huo ubishi tunaujua wote hapa.

Mwaka 1978 aliajiriwa na halmashauri ya jiji, kitengo cha taa za barabarani. Alistaafu huko huko, na hata hivyo wakamwita tena kwa mkataba jiji lilipoamua kubadilisha taa kongwe za mji wa zamani. Mnazijua: zile nguzo za chuma zenye nakshi, taa zake zikila umeme bila kushiba na kuzimika kila mvua ikinyesha. Wapo waliotaka nguzo zing'olewe ziuzwe chuma chakavu. Baba alibisha kikao baada ya kikao mpaka wakakubali nguzo zibaki, ndani yake ziingie taa za LED zinazotumia umeme kidogo. Za kwanza zilikuwa nyeupe pee, kali kweli. Watu wa mtaa wa washonaji wakatundika mablanketi madirishani. Alirudi akazitoa zote, akaweka za manjano, huku akinung'unika, "Haya, laleni sasa."

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 14 Agosti 1982. Walijuana yeye akiwa juu ya ngazi: bisibisi ilimponyoka, ikatua ndani ya beseni la nguo alilobeba mama. Mama akatazama juu. "Shuka uichukue, au unangoja nikupandishie?" Akashuka. Mpaka leo mama haamini kwamba ilimponyoka.

Jambo moja liliwagombanisha maisha yao yote. Baba hakukubali kamwe kuanza kazi kwenye mtaa wake. Taa ya getini kwetu ikiungua, ilingoja mitaa mingine yote imalizike. "Nikianzia kwangu, nitawatazama vipi wale wanaongoja?" Mama alimjibu, "Mji mzima unang'aa, mkeo anapapasa ukuta!" Mwaka jana mama alijikwaa pale getini gizani, akavunjika mkono. Tukasema sasa baba atalegea. Wapi! Alimpikia, alimfulia, alimchana nywele, jioni akamsubiri barabarani na tochi. Taa hakuweka. Nilikasirika, na bado sijamaliza.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu. Alituambia ni uchovu tu. Miguu ilipovimba, akawa anaongoza kazi akiwa ameketi kwenye kiti, chini ya ngazi. Tulienda hospitali, tukarudi, tukaenda tena. Tumechoka, sitaficha, na yeye alichoka kuliko sisi. Taa ya getini kwetu ilikuwa tayari, ndani ya boksi lake chini ya kitanda. Alifariki tarehe 3 Juni, mama amemshika mkono. Mafundi walikuwa wamekuja kumwona, na neno lake la mwisho tulilolielewa lilikuwa kwao: "Mmefika wapi?"

Juzi mafundi hao walifika nyumbani na ngazi. "Mama, leo tunawasha ya kwenu, Mzee aondoke kwenye mwanga." Mama yetu, yule yule aliyelalamika tangu aolewe, akawauliza, "Mtaa wa kiwandani mmemaliza?"

Wakatazamana. "Bado, mama."

"Basi nendeni mkamalize. Sisi ni wa mwisho."

Akachukua tochi, kwa ule mkono mzima, akawasindikiza hadi getini.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na boksi chini ya kitanda. Mafundi, tunawangoja, ila msikawie sana, mama bado anapapasa.

Baba, shuka sasa. Ngazi tumeishika. Pumzika kwa amani.