Mahali Pangu Katika Kikao cha Kesho

Sogeeni karibu, wanangu, na mbwa huyo mtoeni nje, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kushindana na kubweka kwake. Rufino, vua hilo koti la ofisi ya meya, hapa wewe ni mwanangu tu. Nicolasa, mkwe wangu, kaa huku kichwani pangu, usijifiche nyuma ya jiko kama mgeni.

Kondoo gawaneni sawasawa. Yule llama mzee aliyetubebea mizigo msimchinje kwenye mazishi yangu, nyama yake ngumu, mtaniaibisha. Ule ukanda wa shamba la viazi niliogombania na jirani yetu Fermín Alanoca tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, mwachieni. Siwezi kuulima kaburini.

Nyumba na shamba namwachia Nicolasa. Usinune, Rufino. Wewe ulituletea mabati, nayo ni mazuri, lakini hapa Qalapata ardhi ni ya anayekaa kikaoni, anayeshika zamu ya uongozi na kuzibua mifereji, na tangu kaka yako Abel afie mgodini, ni mjane wake huyu aliyekuwa akikaa nami vikaoni kwenye baridi, mtoto mgongoni, wakati wewe unatutumia salamu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Sasa sikilizeni la kesho. Asubuhi kijiji kizima kinakaa kuamua ni kitu gani kitaingia kwenye mpango wa wilaya, na chemchemi yetu inakufa. Mama yenu alikuwa akijaza mtungi huku anaimba. Leo wajukuu wanakwangua tope kwa kikombe, na mwaka jana tulimzika mjukuu wa Fermín kwa kuhara. Sisi tunataka bomba kutoka mlimani. Meya anataka uwanja wa mpira wenye paa. Nilipokuuliza kwa nini, Rufino, ulinijibu bila haya, "Baba, bomba linafukiwa, nani ataliona? Uwanja unaonekana tangu barabarani." Nikakwambia, basi watoto wakishikwa na kiu wakalambe paa. Ulicheka. Iliniuma, na inaniuma hata sasa.

Tusipoamua kesho, ofisini wameshasema wataandika wenyewe, na tukishaandikiwa tumekwisha. Nanyi mnajua mila yetu: mtu akifa, kikao kinavunjwa, kila mtu anakwenda msibani mpaka marehemu azikwe. Ni mila nzuri, nimeitii maisha yangu yote, lakini kesho itatuua. Kwa hiyo nikikata roho kabla hakujakucha, msilie. Nifunikeni uso, washeni jiko ili moshi uonekane kama siku zote, na Nicolasa aende akakae mahali pangu, ainue mkono. Kidole kimoja hakivunji chawa. Fermín naye atainua wake, anajua kwa nini. Mikono ikishahesabiwa, hapo lieni mtakavyo.

Nipeni pumzi kidogo.

Rufino, njoo, nishike mkono. Wewe ndiye ninayekuogopa, mwanangu. Ukitoa kilio kimoja tu pale mlangoni, kikao kimevunjika, meya atakushukuru, na hakuna atakayekulaumu, maana nani atamkataza mtoto kumlilia baba yake? Mimi nitakuwa nimelala hapa, siwezi kukuziba mdomo. Nimekuamuru tangu ulipojua kutembea, leo nakuomba. Kaa nami humu ndani. Wakija kuuliza, sema mzee amelala.

Mama Ardhi awalinde... viazi vyenu visioze, mifugo izae, msinyimane chumvi. Abel ananingoja, nitamsalimia. Nicolasa, umekuwa mtoto wangu wa kumzaa hasa. Nawabariki nyote... na wewe, Rufino, kabla sijajua utafanya nini, nakubariki.

Hapana, maji sitaki. Hayo wawekeeni watoto.

Baridi imeingia. Funga mlango, mwanangu... ukae upande huu.