Noelene Stallman: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kutoyaamini Maji

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2019, Bi. Noelene Stallman anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minane ya kusafisha mabwawa ya bustani nyuma ya nyumba za watu hapa Toowoomba. Aliajiriwa na marehemu mzee Pengelly mwezi Machi 1986, wakati kampuni ikiwa na gari moja, nyavu mbili na pampu ya kuazima. Alichukuliwa kwa majaribio ya wiki mbili tu, kwani mzee alidhani mwanamke hataliweza tope.

Noelene alianza kwa kuopoa majani, akawa fundi wa pampu, na tangu 1999 ndiye mkaguzi wetu mkuu. Cheo hicho kilimkaa sawasawa, kwa maana hajawahi kuamini jambo kwa kuambiwa tu. Ukimwambia pampu inafanya kazi, atainama aisikilize. Ukimwambia kikapu cha kunasia majani umekwisha kukimwaga, atakifunua. Hata maji yakiwa maangavu hayampi raha. Kwake, maji yaliyotulia mno ni kama mtoto aliyenyamaza ghafla chumba cha pili.

Tulimtania sana. Mtu mmoja aliwahi kubandika karatasi kwenye kopo la biskuti ofisini: "Noelene, zimo kumi na mbili." Akazihesabu. Zilikuwa kumi na moja, na kesi hiyo haijafungwa hadi leo.

Wakati wa ukame, maji ya bomba yalipokatazwa bustanini, hakuna bwawa hata moja chini ya uangalizi wake lililokauka. Alijua kila tone linavujia wapi. Yote hayo yameandikwa kwenye faili lake. Lakini nimeombwa niandike mimi, Wayne Duggan, niliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, na kuna jambo moja ambalo halimo kwenye faili hilo.

Ilikuwa Novemba 2008. Bwana Athol Rigney, dereva wa treni mstaafu, alitupigia simu asubuhi akisema samaki wake wanaelea. Walikuwa samaki wa dhahabu kumi na mmoja, walioachwa na marehemu mkewe, Joyce. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Tulipofika, Athol alikuwa amewapanga juu ya taulo kibarazani, naye ameketi kando yao.

"Ni Ivo," alisema hata kabla hatujamsalimu. "Amemwaga sumu. Amelipiza."

Ivo Petrich alikuwa jirani yake wa miaka thelathini. Mjakaranda wa Ivo umeinamia bwawa la Athol, na kila mwaka msimu huo hulimwagia maua yake. Wiki moja kabla, Athol alikuwa amepanda ngazi akakata tawi bila kuomba, na tangu hapo hawakusemezana. Tena juzi yake Ivo alionekana amebeba bomba la dawa mgongoni.

Ivo mwenyewe akachungulia juu ya uzio. "Nilipiga dawa magugu ya mbele, kando ya barabara! Mzee, macho yako uliyaacha kwenye reli?"

"Muuaji!"

"Muuaji wa nani? Wa dagaa?"

Athol alinyanyuka. Alisema anakwenda polisi sasa hivi, na mti ule utaanguka hata kama itabidi auze nyumba. Akaingia ndani kutafuta viatu.

Mimi nilitikisa kichwa kwa huzuni. Nikasema, "Sumu ni kitu kibaya sana." Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Noelene alimtazama Ivo, akautazama mlango alioingilia Athol, kisha akanitazama mimi, na mimi alinitazama muda mrefu kuliko wote. Akaenda garini, akarudi na mfuko wa bisi, akazirusha juu ya maji, bwawa zima. Halafu akaitazama saa yake.

Bwawa la nyumbani linatakiwa livute maji upande mmoja, pale penye kikapu cha kunasia majani, na kuyarudisha upande wa pili, ili maji yote yatembee na takataka zifike kikapuni. Bisi za kona moja zilizunguka zikamezwa na kikapu. Za upande wa mjakaranda hazikusogea hata shubiri. Noelene akazamisha reki pale akainua tope jeusi la maua yaliyooza, likinuka kama mayai viza. Uozo ule, kwa usiku mmoja wa joto usio na upepo, ulikuwa umeimaliza hewa ya majini.

Aliniita nyuma ya gari.

"Bomba la kurudishia maji liko pembeni ya kikapu. Nani aliliweka pale?"

"Sikumbuki vizuri."

"Wayne."

"Labda ni mimi."

"Karatasi ya kazi ina sahihi yako. Kwenye sahihi hakuna labda."

Ilikuwa kweli. Miezi minne nyuma nilitakiwa kung'oa mawe ya njia ili nilipitishe bomba hadi upande wa pili. Mawe yalikuwa mazito na nilikuwa peke yangu. Nikalikata fupi, nikaandika kwamba kazi imekamilika.

"Nilijua nilipoyaona yale maua yamesimama juu ya maji," nikamwambia.

"Na ukakaa kimya mtu anaitwa muuaji. Mimi nilikushuku uliposema sumu ni kitu kibaya. Wewe siku zote huna maoni."

"Utamwambia Pengelly?"

"Wewe utamwambia Athol. Sasa hivi, kabla hajavaa kiatu cha pili. Nitasimama karibu nihakikishe umesema yote."

Nilisema yote. Athol aliniuliza mara mbili, "Si Ivo?" Mara mbili nikajibu, "Si Ivo. Ni mimi." Akaketi na kiatu kimoja mguuni. Hakunitukana. Heri angenitukana. Baadaye alijikokota hadi kwenye uzio.

"Ivo."

Akaushika uzio.

"Ivo, nimekukosea."

"Nimesikia. Uzio ni wa mbao, si wa zege," sauti ikajibu. Kisha: "Ngoja nilete koleo. Kwa mgongo huo huwezi kuwazika peke yako."

Tuliwazika chini ya mjakaranda, sote wanne. Ivo ndiye aliyembeba yule mkubwa, kwa mikono miwili, na hakutaja dagaa tena.

Jumamosi na Jumapili tuling'oa mawe, mimi na Noelene, tukalipeleka bomba pale lilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Nilimsihi apumzike, kosa ni langu. Akakataa. "Sitaki uniambie limefika mwisho. Nataka nilione."

Kwa miaka kumi na mmoja hakumwambia mtu. Bwana Pengelly mdogo, uliyerithi kampuni ya baba yako, ndiyo, umesoma sawasawa, na ofisini kwako nitakuja mwenyewe Jumatatu. Noelene aliisoma rasimu ya wasifu huu mara tatu. Mara ya kwanza aliirudisha akisema nimejipunguzia makosa. Mara ya pili, kwamba nimemzidishia sifa. Mara ya tatu aliikunja tu, akaniuliza kama kuna nakala nyingine niliyoificha.

Sasa anahamia Hervey Bay kwa dada yake, kwenye nyumba isiyo na bwawa. Tunasikia amekwisha kuuliza mifereji ya paa inaelekeza maji wapi.

Noelene, tunakushukuru kwa kila ulichokifunua na tulichoomba usikifunue. Nenda salama, ule ushibe, ulale hadi jua lipande. Na dada yako akikuambia kwamba watu wa Toowoomba wanakupenda, hilo moja, tafadhali, liamini bila kulikagua.