Dodoso la Rahma

Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliopigiliwa juu ya magogo mawili, ukutani pa duka la fotokopi, hatua chache kutoka soko la Lushoto. Mwanachuo akishatoa nakala za dodoso lake na kutoka mlangoni, watu wa kwanza kuwaona ni wale watatu waliokaa hapo, na kwa kuwa milima ni mirefu na viatu vya chuo havipendi matope, mara nyingi wanakuwa watu wa mwisho pia. Hivyo kwa miaka kama sita benchi hilo limejibu kazi za vyuo vya kila namna: mmomonyoko wa udongo, watalii wa Irente, ndoa za utotoni, uhasibu wa vikoba, saikolojia ya uzee, na takwimu ambazo hata aliyezileta hakuzielewa. Bei yake haijapanda: dodoso moja, raundi moja ya kahawa. Kahawa ni ya Mwanahamisi, ambaye huamka saa kumi alfajiri kuichemsha, huteremka nayo mlima, na husikia majibu yaleyale mpaka angeweza kuhitimu shahada tatu bila kukaa darasani.

Jumanne hiyo ukungu ulikuwa bado umelala sokoni. Mwanahamisi aliwamiminia bila kuombwa, na hilo peke yake likawatia wasiwasi.

– Mama Rahma, nani kafa? akauliza mzee Kornelio. Huyu wote humwita Profesa. Elimu yake ni darasa la saba, ila madodoso aliyojibu hayahesabiki.

– Hajafa mtu, mzee wangu. Mnalikumbuka dodoso la lishe, la Rahma?

– Lile la chakula, akasema Nassoro, dalali wa mboga. Tulilijibu vizuri sana lile.

– Mlilijibu vizuri mpaka mkufunzi kalikataa.

Vikombe vikasimama hewani.

Akawaeleza kwa kifupi, maana hakuwa na nguvu za kueleza mara mbili. Rahma yuko mwaka wa mwisho, anasomea lishe. Alipewa asaimenti ya kutembelea kaya kumi kijijini kwao na kuandika kila kaya inakula nini. Alipokuja nyumbani mwezi uliopita mvua ilikuwa hainyamazi, njia zote utelezi, na ni Mwanahamisi mwenyewe aliyemwambia, "Unahangaika nini na mlima? Kaa hapa kwenye benchi, hawa watakujazia." Wakamjazia, wakawajazia na majirani zao. Sasa mkufunzi ameona kaya zote kumi zinakula mayai asubuhi na zote zinamalizia na maziwa, akasema atahakiki. Amewabadilisha wanachuo. Rahma kapelekwa Mombo kuuliza kaya za mwenzake, na huyo mwenzake, Beatha, anapanda leo kuja kuuliza za Rahma. Majibu yasipofanana, Rahma anapata sifuri, na mwenye sifuri haingii kwenye mtihani wa mwisho.

– Kwa hiyo anadisko, anafukuzwa chuo, akasema Anord, fundi simu, mdogo wao wote.

– Ndiyo maana nimewamiminia bure.

Profesa akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru.

– Mimi tatizo nimeshaliona. Huyo mkufunzi ni mtu wa tambarare. Mtu wa tambarare hajui kwamba huku juu mboga zinaota mpaka uvunguni. Akisoma karoti, kabichi, brokoli, anadhani kaletewa menyu ya harusi.

– Uliandikisha brokoli? akauliza Mwanahamisi.

– Mara tatu kwa wiki.

– Umewahi kula brokoli, mzee wangu?

– Nimewahi kuipakia kwenye lori.

– Wala si mambo ya tambarare, akasema Nassoro. Hapa ni Mjerumani.

Anord akaguna. Nassoro jina lake la kijiweni ni Mjerumani, kwa sababu hakuna jambo chini ya jua ambalo hawezi kulifikisha kwenye shamba la Kwai, ambako babu yake aliwatumikia Wajerumani.

– Guna tu. Pale Kwai walikuwa wanaandika kila kitu. Ng'ombe katoa maziwa kiasi gani, nani kanywa, nani kanusa tu. Madaftari wakaenda nayo kwao. Sasa mkufunzi kafungua kompyuta, kaandika ukoo wangu, imemletea babu. Babu hakunywa maziwa hata siku moja. Kajiuliza, huyu mjukuu kayapata wapi?

– Kwani uliyapata wapi?

– Nilisema ya ng'ombe wangu.

– Ng'ombe wako dume, Nassoro.

– Kwenye fomu jinsia ilikuwa ya mtu. Ya ng'ombe hawakuuliza.

– Mnapoteza muda, akasema Anord. Satelaiti hiyo. Inapita hapa juu kila jioni, inapima moshi. Moshi wa nyama una rangi yake, wa maharage una rangi yake. Mkufunzi kakaa ofisini na soda, anaangalia paa la Profesa. Wiki nzima, makande!

– Na ukungu je? akauliza Profesa. Itaona nini kwenye ukungu?

– Ukungu ndio umetuponza. Inadhani ni moshi. Inaandika, hawa watu wanapika usiku na mchana, hawalali.

– Basi si wangempa Rahma mia kwa mia?

Anord akafikiri.

– Hapo ndipo walipoingiwa na hofu, akasema. Wakajiuliza, chakula chote hiki kinakwenda wapi?

– Damu, akasema Nassoro kwa sauti ya chini. Wanatafuta watu waliokula vizuri, wawatoe damu. Na sisi tumejiandikisha wenyewe, kwa majina na namba za simu.

– Wewe yako wataimwaga, akasema Profesa.

Mwanahamisi alikuwa amesimama tangu kulipokucha, na goti la kushoto lilikuwa limeanza kazi yake. Zamani mazungumzo haya yalimchekesha. Alikuwa akirudi nyumbani na kumsimulia Rahma, wakicheka mpaka chakula kinaungua. Sasa aliona wanaume watatu wazima na saa moja iliyobaki kabla Beatha hajafika.

– Nyamazeni, akasema. Rahma kanitumia picha za fomu. Tufanye mazoezi, kila mtu akumbuke alichosema.

Akatoa simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

– Kaya ya kwanza, mzee Kornelio. Kwa kawaida mnakula milo mingapi kwa siku?

– Minne.

– Uliandikisha mitatu.

– Basi mitatu. Wa nne tutauita chai.

– Usiuite kitu! Mitatu. Kaya ya tatu, Nassoro. Matunda?

– Mapeasi, plamu, parachichi, na tufaha la Afrika Kusini.

– Hilo la Afrika Kusini halipo hapa.

– Basi liongeze.

– Siongezi, nasoma. Kaya ya sita, Anord. Mtoto wako anapewa nini?

– Vyote. Andika vyote.

– Imeandikwa mayai, ini na juisi ya karoti.

– Mimi nilisema ini? Anord akamgeukia Nassoro. Wewe ndiye uliyenitajia ini.

– Nilikutajia kwa kuwa ulikuwa kimya. Ulitaka nikuache mtoto wako afe njaa kwenye karatasi?

Kaya ya kumi ilikuwa yake mwenyewe. Samaki mara mbili kwa wiki, mayai, maziwa kwa watoto kila siku. Alikumbuka alivyoyasema hayo, anasuuza vikombe, hakuinua hata kichwa. Aliipitisha picha haraka.

Beatha akatokea upande wa stendi saa nne na robo. Alikuwa msichana mwembamba mwenye begi mgongoni na viatu vilivyokwisha kuonja matope. Akainama kidogo mbele ya wazee.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu, wakajibu wawili, na Anord, ambaye hakujua ahesabiwe wapi, akakohoa.

– Karibu kahawa, akasema Mwanahamisi.

– Asante, mama. Tumekatazwa kupokea kitu.

Hilo liliwashtua kuliko uhakiki wenyewe. Nassoro akamwinamia Profesa, akamnong'oneza kwa Kishambaa kwamba aanze na maziwa, brokoli aiache mwisho.

– Baba, akasema Beatha kwa upole, nimekulia Mombo lakini mama yangu ni wa Bumbuli. Nasikia yote.

Nassoro akatazama ukungu kama mtu anayesubiri lori.

Msichana akaketi pembeni ya benchi, akatoa daftari. Halikuwa dodoso. Lilikuwa daftari la mistari tu, lenye majina ya kaya kumi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

– Nina swali moja, akasema. Jana, nyumbani kwako, watoto walikula nini?

Profesa akajinyoosha.

– Sisi kwa kawaida tunakula milo mitatu…

– Si kwa kawaida, babu. Jana.

– Jana.

– Ndiyo.

– Jana ilikuwa Jumatatu.

– Ilikuwa Jumatatu.

Profesa aliyejibu mmomonyoko wa udongo na saikolojia ya uzee akaanza kuihesabu jana kwa vidole.

– Mimi nilirudi nikakuta cha kwangu kimefunikwa, akasema mwishowe. Ugali na dagaa.

– Na wajukuu walikula hicho?

– Walikuwa wameshalala.

Beatha akaandika neno moja. Mwanahamisi alilisoma akiwa upande wa pili wa jiko: *hajui.*

– Baba Nassoro?

– Jana nilikuwa na mzigo wa kabichi. Niliacha pesa ya matumizi, hiyo niandike. Niliiacha mezani.

– Ikanunua nini?

– Si nimesema nilikuwa na kabichi?

*Hajui.*

– Kaka Anord, wewe una mtoto wa miaka miwili.

– Na nusu. Alikula uji.

– Uji wa nini?

– Wa… uji. Mweupe. Anord akajikuna shingo. Au huo ulikuwa wa juzi.

*Hajui.*

Mwanahamisi alihesabu. Kaya ya kwanza, ya tatu, ya sita. Akajiingiza kabla kalamu haijagusa mstari mwingine.

– Mwanangu, usiwasikilize hawa. Hawa ni wanaume, wanakula wanachofunikiwa. Usimhesabie Rahma makosa kwa ajili yao.

– Si mimi ninayesahihisha, mama. Mimi naandika tu. Beatha akageuza ukurasa. Basi tuache hao. Hapa kijiweni nimebakiwa na kaya moja, ya kumi, na wewe si mwanaume. Jana walikula nini?

Samaki. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeiva. Nyuma ya Beatha, Profesa alikuwa anamkodolea macho: sema samaki. Anord alitikisa kichwa kumhimiza. Neno moja tu, na angalau kaya moja ingefanana na fomu.

Jana alikuwa ameuza mpaka stendi ikafungwa. Alipofika juu, wanawe wadogo, Jafari na Salma, walikuwa wamelala. Jafari ana miaka kumi na miwili, na tangu Rahma aende chuo ndiye anayempikia mdogo wake. Alfajiri, akiwasha jiko la kahawa, Mwanahamisi aliikuta sufuria imefunikwa kifudifudi juu ya kichanja, safi, inang'aa. Alifurahi. Alisema moyoni, huyu mtoto ameanza kujua kuosha vyombo. Akachukua birika lake, akateremka.

Sufuria ikiwa safi, huenda imeoshwa. Huenda pia haikupikiwa kitu. Hakuwa ameuliza. Na juzi pia hakuwa ameuliza.

– Mama? akasema Beatha.

– Andika hajui.

– Mama Rahma! Nassoro akaruka kutoka kwenye benchi. Mtoto anadisko!

– Nimesikia mara ya kwanza.

Akaliteremsha birika kutoka kwenye makaa, akajifuta mikono kwenye kanga.

– Ile fomu nilimjazisha mimi, akamwambia Beatha. Yeye alikuwa ameshavaa mabuti, anataka kupanda. Nipe namba ya huyo mkufunzi, nitampigia mwenyewe. Akitaka kumpa sifuri, ampe akiwa ameshajua ni ya nani. Daftari lako lina nafasi bado?

– Lina nafasi.

– Wake zao wapo nyumbani saa hizi, na mmoja yuko shambani karibu na njia. Jafari anarudi saa saba kula. Tukifika mapema tutamwona anakula nini. Funga viatu, kuna kupanda.

– Na kahawa? akauliza Profesa.

– Jimiminieni.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwanahamisi akatangulia, goti likilalamika kuanzia hatua ya kwanza, na msichana akamfuata na daftari lake kifuani. Walikuwa bado hawajafika kwenye kona ya soko Mwanahamisi aliposikia nyuma yake sauti ya Anord. Alikuwa kwenye simu, anaongea taratibu kama mtu aliyepiga namba asiyoizoea.

– Hapana, hakuna tatizo. Sijapata ajali. Nauliza tu, mke wangu. Jana mtoto alikula nini?

Mwanahamisi akapunguza mwendo.

– Ndiyo, ni mimi, akasema Anord. Nauliza tu.